Mlima Sekenke na Barabara Yake ya Zamani

Ndugu Mhariri wa jarida letu ameniomba ukurasa wa historia, na ameniachia mwenyewe nichague jambo la kuandika. Nimechagua Mlima Sekenke. Nimeona kwamba wadogo zetu wanaosoma hapa Unyambwa hivi sasa, wakitusikia sisi wanafunzi wa zamani tukiutaja mlima huo, hutushangaa, maana tunautaja kama mtu anavyomtaja mwalimu mkali aliyemchapa zamani. Wao wameupita wakiwa wamesinzia ndani ya basi. Basi huondoka Singida mjini, hupita Misigiri, huteremka juu ya lami laini, na abiria akifumbua macho anaona yuko Shelui na mbuga imetanda mbele yake mpaka upande wa Igunga. Kwa abiria huyo Sekenke ni jina tu lililoandikwa kwenye kibao. Kwetu sisi lilikuwa ni swali: je, tutavuka leo au tutalala?

Kwanza nieleze mahali penyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajatembea upande huo. Sekenke si mlima kwa maana ya kilele kama Hanang, ambao mtu huuona kwa mbali ukiwa peke yake umevaa wingu. Sekenke ni ukingo. Nchi ya Iramba iko juu, kiasi cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, nayo ni nyanda zenye hewa nzuri na mawe mengi. Ukielekea magharibi nchi hiyo hukatika ghafla, kana kwamba mtu ameikata kwa panga, na chini yake kuna mbuga ya Wembere. Wataalamu wa miamba hutueleza kwamba huo ni mkono wa Bonde la Ufa, ule unaotoka upande wa Ziwa Eyasi. Maji ya mbuga hukusanyika Ziwa Kitangiri. Wakati wa kiangazi mbuga ni vumbi na nyufa. Wakati wa masika ni tope jeusi linaloshika mguu wa ng'ombe na gurudumu la lori bila kubagua. Kwa hiyo msafiri wa zamani aliyetoka Nzega alikuwa na shida mbili zilizoshikana: aivuke mbuga kwanza, kisha akiwa amechoka na gari lake limechoka, apande ukingo.

Kilichouingiza mlima huu katika vitabu ni dhahabu. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke mnamo mwaka 1909, na mgodi huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa dhahabu kuchimbwa kibiashara katika nchi yetu. Msomaji na aitazame ramani ya mwaka huo. Reli ya kati ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907. Dodoma ingefika mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Maana yake ni kwamba wakati mgodi unafunguliwa, garimoshi lililokuwa karibu zaidi katika reli ile lilikuwa bado upande wa pwani, na kati yake na Sekenke kulikuwa na safari ya majuma kwa miguu. Kila msumari na kila pipa lilibebwa. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 na zaidi, ambao kwa hesabu ya leo ni karibu kilo 30, kichwani au begani, na chakula chake juu. Mikokoteni ya ng'ombe haikuweza kutumika kila mahali kwa sababu ya ndorobo.

Sisi tulipofundishwa habari za Wajerumani darasani tulikariri majina ya magavana. Sikumbuki kufundishwa jina la mpagazi hata mmoja. Lakini dhahabu ya Sekenke ilitoka, ndugu zangu, ilitoka vizuri kabisa bila barabara. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, fedha mpya hazikuweza kuja kutoka Ulaya, na Wajerumani wakaamua kujitengenezea fedha zao huko Tabora katika karakana ya reli. Mwaka 1916 walipiga sarafu za shaba za heller 5 na heller 20, na pamoja na hizo sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu hiyo ilikuwa ya Sekenke. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na mlima huo ni Kilimanjaro. Upande wa pili ina tai wa dola yao, na herufi T kwa ajili ya Tabora. Zilitengenezwa sarafu 16,198, kila moja uzito wake gramu 7 na kidogo. Mnamo tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikaishia hapo. Leo sarafu hizo zimo katika makumbusho na katika makabati ya matajiri wa nchi za mbali, nao huziuza na kununua kwa bei kubwa sana. Mimi huona kichekesho kidogo kwamba dhahabu ya Sekenke imechorwa Kilimanjaro. Aliyechora hakuona haja ya kuuchora mlima uliotoa dhahabu yenyewe.

Nimeanza na dhahabu kwa makusudi. Mimi ni mtumishi wa Serikali, nimekaa katika vikao vingi vya makisio, na nimejifunza kwamba swali la barabara siku zote ni swali la mzigo: nani ana kitu cha kusafirisha, na kitu hicho kina thamani machoni pa nani. Dhahabu ni nyepesi kwa thamani yake. Mtu mmoja anaweza kuteremka ukingo wa Sekenke na mali ya kijiji kizima ndani ya mfuko wa ngozi. Mtama, uwele, karanga na alizeti havisafiri hivyo. Mkulima wa Iramba au wa Unyaturu alihitaji lori, na lori lilihitaji barabara, na barabara ilihitaji mtu wa juu aone kwamba mtama wa mkulima huyo unastahili gharama. Kutoka mwaka ule wa 1909 mpaka lami ilipofika Sekenke ni karibu miaka mia moja.

Katika miaka hiyo mia moja si kwamba hakuna kilichofanyika. Waingereza walipoichukua nchi walitaka njia za magari, nao walizipata kwa bei rahisi. Sheria ya kodi ya mwaka 1922 ilimruhusu mtu asiye na fedha kulipa kodi ya kibanda kwa kufanya kazi. Basi mwanamume ambaye mvua ilimnyima mazao alijikuta barabarani na sururu na karai. Barabara nyingi za mikoa yetu ya kati zilianza hivyo, kwa mikono ya wadaiwa wa kodi, wakisimamiwa na watu wa watemi na kupimwa na bwana wa Idara ya Ujenzi aliyekuja mara moja kwa mwezi.

Kuhusu reli, nchi ya Singida iliwahi kuwa na bahati ya muda mfupi. Katika miaka ya 1930 tawi la reli lilijengwa kutoka Manyoni kupitia Singida mpaka Kinyangiri. Lilikomea juu. Halikuthubutu kuteremka ukingo kwenda mbugani, na kwa hakika halikudumu, maana katika miaka ya 1940 reli hizo ziling'olewa. Wazee wetu waliwahi kuliona garimoshi, kisha likatoweka, na wajukuu wao wakawa wanasimuliwa kama hadithi ya sungura na fisi. Tawi la Manyoni hadi Singida lilikuja kujengwa upya baadaye sana, wakati sisi ni wanafunzi.

Sasa nije kwenye barabara yenyewe kama ilivyokuwa baada ya Uhuru, katika siku za malori.

Barabara ya Sekenke ilikuwa ya udongo na changarawe, nyembamba, yenye kona zilizobana, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine hewa tupu. Maji ya mvua yalikuwa na tabia ya kuifanya mfereji wake. Asubuhi moja greda la Komwaksi, kama tulivyoiita Wizara ya Ujenzi ya zamani, lingelainisha njia. Baada ya mvua mbili kubwa kungekuwa na makorongo ya kina cha goti na mawe yaliyochomoza kama meno. Dereva wa lori aliyetoka Mwanza na mchele au samaki wakavu alifika chini jioni, akasimamisha gari, akazima injini. Madereva wenye akili hawakupanda usiku. Walipika, walilala chini ya magari, na alfajiri, rejeta ikiwa baridi na ardhi imekauka kidogo kwa umande kuondoka, walianza mmoja mmoja. Gari la pili halikuondoka mpaka sauti ya la kwanza imesikika juu kabisa. Hapakuwa na askari wa kuwaamuru. Ilikuwa ni desturi, na aliyeivunja alitukanwa mpaka Singida.

Mtu muhimu katika safari hiyo alikuwa utingo. Dereva alikaa ndani. Utingo alitembea kwa miguu nyuma ya gurudumu la nyuma, amebeba kabari. Kabari ilikuwa gogo la mti mgumu lililochongwa upande mmoja, lina kamba au mpini mrefu ili mkono usikaribie tairi. Lori lenye tani saba likipanda mahali pa mkazo, dereva hulazimika kurudi gia ya chini, na katika nukta hiyo ambayo klachi imekanyagwa gari halishikwi na kitu ila breki. Breki za malori yale hazikuwa za kutumainiwa. Hapo ndipo utingo huchomeka kabari, gari huketi juu yake, dereva hupanga gia bila haraka, injini hunguruma, na gari huondoka tena hatua thelathini au arobaini. Kisha tena. Mlima wote huo. Utingo akichelewa nukta moja, gari hurudi nyuma; akiwahi vibaya, huacha vidole. Wengi walioifanya kazi hii walikuwa vijana wa umri wa kidato cha pili.

Kuteremka kulikuwa na hatari zaidi, ingawa abiria waliogopa kupanda. Kanuni ya madereva wa zamani ilikuwa: teremka kwa gia ile ile uliyopandia. Maana yake, acha injini ikushike, breki ziweke akiba. Dereva aliyekanyaga breki tangu juu alizichemsha, na breki iliyochemka hukanyagwa ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Na katika miaka ile ya shida ya mafuta walikuwapo waliotoa gia kabisa ili gari litiririke lenyewe na lita mbili tatu zibaki tangini. Mabaki ya magari yaliyokuwa yakionekana chini ya kona yalikuwa somo la kutosha juu ya hesabu hiyo. Sitaandika habari za ajali moja moja. Familia zinazohusika bado zipo, na baadhi ni wasomaji wa jarida hili.

Landrova ilikuwa kitu kingine. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na halikupita muda likawa gari la kila Bwana Shamba, Bwana Afya na mkuu wa wilaya katika nchi zetu. Uwezo wake haukuwa katika mbio. Ilikuwa na gia fupi ya pili, ambayo dereva akiiweka pamoja na kuyaunganisha magurudumu manne, gari hutambaa kama kobe lakini halikatai. Watoto wa vijijini waliamini kwamba Landrova inaweza kupanda mti. Mimi niliamini hivyo mpaka Januari 1998.

Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka mvua ya mwaka ule, ile ya El Niño. Ilianza mwishoni mwa 1997 na haikujua kuacha. Barabara na reli zilikatika sehemu nyingi nchini. Mimi nilikuwa natoka Nzega kwa mjomba wangu kurudi shuleni kuanza kidato cha nne. Basi letu liliivuka mbuga kwa shida kubwa, abiria wote wanaume tukiwa chini tunasukuma, wanawake na watoto ndani, na tulipofika Shelui usiku dereva alisema kwamba yeye hapandi. Hakuna aliyembishia. Tulilala humo humo garini. Asubuhi tukakuta Landrova ya Serikali, kuukuu, turubai limeshonwa shonwa, inaelekea Singida. Sisi tuliokuwa wanafunzi tulikuwa wanne. Tulimwendea dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwenda shule?"

"Ndiyo mzee."

"Mna miguu?"

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Alitufikisha chini ya mlima, akasimamisha gari, akashuka, akapanda kwa miguu peke yake mpaka kona ya pili akiichunguza njia, akirusha mawe pembeni, akichoma fimbo yake kwenye tope kupima kina. Ilimchukua karibu nusu saa. Aliporudi alituamuru tuache mizigo ndani na kila mmoja wetu achukue jiwe la ukubwa wa kichwa, tutembee nyuma ya gari, wawili kila upande. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Jiwe kwanza, kelele baadaye." Yaani gari likirudi nyuma, usipige ukelele ukasahau kazi, weka jiwe, kisha piga kelele utakavyo.

Landrova ilipanda polepole mno. Kwenye kona ya tatu magurudumu ya mbele yalianza kuteleza kuelekea ukingoni, na gari likaserereka nyuma kiasi cha hatua mbili. Tuliweka mawe, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata baada ya jiwe kushika. Mzee alizima injini. Akashuka, akachukua panga, akakata matawi, akayatandika mbele ya magurudumu, akatutuma tulete mawe madogo na changarawe kwa mashati yetu. Kwa mashati ya shule! Baada ya muda watu watano au sita wa kijijini walikuja na majembe bila kuitwa. Walikuwa wameizoea kazi hiyo. Walijua mahali hasa pa kuchimba ili maji yapungue njiani. Mchana tulikuwa juu. Walipewa kitu kidogo na mzee, wakarudi zao. Sikuwauliza majina, wala mzee sikumwuliza.

Niliyoyaona siku ile nilikuja kuyasoma baadaye kwa maneno ya watu wengine. Huko kusini mwa bara letu kuna njia iitwayo Sani, inayopanda kutoka Afrika ya Kusini kuingia Lesotho, na juu yake ni zaidi ya mita 2,800. Vitabu husema kwamba gari la kwanza kuipanda lilikuwa jipu la Godfrey Edmonds, mwaka 1948. Ukisoma zaidi utakuta kwamba jipu hilo lilivutwa kwa kamba na kusukumwa na wenyeji mahali pengi. Jina lililobaki ni la mwenye usukani. Hata mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, katika miaka ya 1960 yalikuja mpaka kwa jirani zetu wa Mbulu na ukingo wa Magara. Na katika mashindano ya mwaka 1963, na tena ya 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho kwa sababu ya mvua na tope. Ninaamini kabisa kwamba hata hayo saba yalisukumwa na watu wa vijijini ambao hawamo katika picha za ushindi.

Turudi Sekenke. Kuna jambo moja ambalo vijana huliona kama uongo wakiambiwa. Kwa miaka mingi mtu wa Mwanza aliyetaka kwenda Arusha au Dar es Salaam kwa basi alipitia Nairobi. Ndiyo, raia wa nchi hii alitoka nchini, akagongewa muhuri, akalala au akapita nchi ya jirani, akagongewa tena, ili afike kwenye mji mkuu wa biashara wa nchi yake mwenyewe. Njia ya katikati, kupitia Nzega, Sekenke, Singida na Manyoni, ilikuwapo kwenye ramani, lakini haikuaminika. Na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, mlango huo wa Nairobi nao ulifungwa mpaka mwaka 1983. Katika miaka hiyo mizigo ya Kanda ya Ziwa ilibaki na garimoshi, na njia ya Serengeti, na ukingo wetu huu. Vipuri vilikuwa havipatikani, matairi yalikuwa ya kibali, na malori yalipanda Sekenke yakiwa yamefungwa kwa waya na mipira ya baiskeli. Ninapowasikia watu wakisema kwamba uchumi wa wakati ule uliharibiwa na jambo hili au lile, huwa nataka kuwauliza kama waliwahi kuhesabu gharama ya kilomita chache za mlima mmoja: siku zilizopotea, samaki waliooza chini ya ukingo, mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali kubwa akasubiri mbele ya lori lililoziba njia. Gharama hiyo haikuandikwa popote, kwa hiyo katika vikao haikuwapo.

Lami ilikuja katika miaka ya 2000. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulikuwa umeanzishwa mwaka 2000, na Serikali ikaipa njia ya kati umuhimu kwa sababu ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo inayotoka bandari ya Dar es Salaam. Sehemu ya Singida mpaka Shelui, kilomita zipatazo 110, ilijengwa kwa mkopo na msaada wa nje pamoja na fedha yetu, na mteremko wa Sekenke ukachongwa upya kwa ulaini zaidi. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini niliona, na bado naona, kwamba mwamba ule ule uliosemwa kwa miaka mingi kuwa haupasuki ulipasuka mara moja ulipopatikana mzigo wa nje wa kuupasulia.

Lami haikuondoa kila hatari. Mteremko ni mteremko, na malori ya siku hizi ni mazito mara nne ya yale ya zamani. Hata hivyo, ujuzi wa kabari umetoweka Sekenke. Nimeukuta kwingine. Kazi ilinipeleka Makete mwaka 2014, na njia tuliyopita ni ile inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ambayo watu huiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Ukimaliza kona hizo unaendelea kupanda mpaka uwanda wa Kitulo, kiasi cha mita 2,600, penye baridi ya kuumiza meno na maua ambayo sijaona mahali pengine. Wakati ule njia ilikuwa ya udongo. Mbele yetu lilikuwa likipanda lori lenye saruji, na nyuma ya gurudumu alitembea kijana amebeba gogo lililochongwa, lina kamba. Dereva wetu alisimama mbali, akazima injini, akangoja mpaka sauti ya lori isikike juu. Hakuna aliyemfundisha desturi ya Sekenke. Mlima ndio uliomfundisha.

Mwaka 2019, nikiwa njiani kwenda Tabora, niliomba gari lisimame nikaitafute barabara ya zamani. Mwenyeji mmoja alinionyesha. Vichaka vimeifunika sehemu kubwa, na mbuzi ndio wanaoitumia. Lakini pembeni mwa kona moja bado kuna mawe yaliyopangwa kwa mkono, moja juu ya jingine, bila saruji, kuzuia udongo usiporomoke. Kazi nzuri kabisa. Sikuona jina wala mwaka. Yule mwenyeji alisema babu yake alikuwa katika kundi lililoyapanga, ila hakuweza kuniambia lilikuwa kundi la kodi, la mgodi au la Komwaksi. Chini kidogo, upande wa mgodi wa zamani, wachimbaji wadogo walikuwa wanachimba dhahabu, na mmoja wao alipandisha mfuko wa mawe begani kwa njia hiyo hiyo ya mbuzi.

Nina ombi kwa wanafunzi wa zamani. Baadhi yenu baba zenu au babu zenu walikuwa utingo, madereva, au vibarua wa barabara upande wa Iramba na Singida. Andikeni majina yao, mwaka kama unajulikana, na kazi waliyoifanya, mwapelekee Ndugu Mhariri, naye amekubali kuyachapa katika toleo lijalo. Wanafunzi wa sasa, hasa mnaotoka Shelui, Misigiri na Kiomboi, waulizeni wazee wakati wa likizo. Orodha yangu mwenyewe ina majina manne mpaka sasa, na mawili kati ya hayo ni majina ya utani.